Shangazi, ni vibaya kusoma vitabu vya utotoni wakati Goma inawaka?

Kamwene Shangazi, na shikamoo.

Nina miaka 44 na nina duka la pembejeo hapa Mafinga: mbegu, mbolea, dawa za viwavi, mambo hayo. Mume wangu ni dereva wa semi. Anapakia Dar es Salaam, anapita nyumbani kulala usiku mmoja, kesho yake anaendelea Tunduma, Nakonde, mpaka Kasumbalesa na Lubumbashi, kisha anarudi na shaba. Watoto wetu wawili wakubwa wako bweni. Mdogo, binti, yuko darasa la sita, na ndiye tunayebaki naye nyumbani.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipogawana vyake, ndugu zangu walichukua ng'ombe na shamba la miti, mimi nikaomba sanduku la vitabu. Hakuna aliyelishindania. Likakaa stoo miaka na miaka, limebebeshwa mifuko ya mbolea.

Sasa Shangazi, tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kwangu hakuna amani. Mume akirudi safari, hajavua viatu yuko kwenye simu. Maiti barabarani Goma, anahamia Gaza, anahamia Sudan, anahamia Ukraine, anarudi Goma. Bando likiisha ananunua jingine. Ana rafiki yake Mkongo, wakala wa forodha pale Kasumbalesa, ambaye mama yake na dada zake wanaishi Goma, basi wanatumiana hizo video usiku kucha. Mwanzoni nilitazama naye. Nikawa silali, nikipima mbegu mikono inatetemeka. Nikamwambia mimi siwezi tena.

Siku moja nahamisha mifuko nikalifungua lile sanduku. Juu kabisa kulikuwa na Kisiwa chenye Hazina, chini yake Mashimo ya Mfalme Sulemani. Baba alikuwa akitusomea hivyo kwa koroboi, sisi tumejifunika blanketi moja. Nikaanza na Kisiwa pale pale dukani. Nakiweka chini ya daftari la madeni, mteja akiingia nafunika. Usiku nakipeleka kitandani. Mume akanikuta. Akasema, "Watu wanachinjwa, wewe unasoma hadithi za maharamia. Mtu mzima na akili zako." Wifi yangu naye akapata la kusema, kwamba nimerudi utotoni. Jumapili kanisani tukiombea Kongo, nilishindwa hata kufumba macho.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo limenifanya nikuandikie. Vitabu vyenyewe sivyo nilivyoviacha. Nilipokuwa mdogo, mama yake Jim, yule kijana anayesimulia Kisiwa, nilimwona mjinga. Maharamia wanakuja, yeye amepiga magoti mbele ya sanduku la baharia aliyefia nyumbani kwao anahesabu sarafu, anataka achukue deni lake tu, asizidishe hata moja. Sasa hivi nasoma na daftari langu la madeni liko mkononi, nikajikuta nalia. Halafu Jim anamuua yule baharia, Israel Hands, na anamwangalia amelala mchangani chini ya maji, samaki wanapita juu yake. Jim ni mtoto! Baba aliposoma pale tulishangilia. Na kwenye Mashimo, nakumbuka tulivyocheka meno ya bandia ya Kapteni Good na miguu yake mieupe isiyo na suruali. Ile vita inayofuata, kikosi kizima kinakwisha kilimani, sikuwa na kumbukumbu nayo kabisa. Watu wote wale walikufa, na mimi kumbukumbu yangu ni meno ya bandia.

Naomba unijibu. Niache? Nina roho mbaya kama mume wangu anavyosema? Na binti yangu ameviona, anataka nimsomee. Nimsomee?

Tena nisisahau: Mashimo kimeachia kurasa katikati, na kimepata doa la unyevu. Nikitengeneze kwa selotepu?

Mama Pembejeo, Mafinga

---

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Nianze na hili la kukimbia, maana ndilo shtaka ulilosomewa na wewe mwenyewe umekwisha kulikubali nusu. Umeniandikia kwamba umekimbilia vitabu kwa sababu vita imekushinda kuitazama. Mistari michache mbele unanieleza maiti iliyolala chini ya maji samaki wakipita juu yake, na kikosi kilichoteketea kilimani. Mwanangu, mtu aliyekimbia vita hakai akahesabu maiti za kwenye riwaya. Ulichokataa ni ile simu. Kifo chenyewe umekikodolea macho kuliko mumeo, kwa kuwa kwenye simu kinapita kwa nusu dakika na kingine kinakuja juu yake, na kwenye kitabu umelazimika kukaa nacho usiku mzima na kujiuliza huyu aliyekufa alikuwa nani na aliyemuua atalalaje.

Umefika mwisho wa Kisiwa? Kama bado, nakuharibia kidogo. Hazina imepatikana, wazuri wamerudi kwao, kila mtu na fungu lake. Stevenson, mwandishi wake, angeweza kuishia hapo na watoto wangefurahi. Badala yake maneno ya mwisho ya kitabu ni ya Jim anayeota ndoto mbaya: anasikia mawimbi yakipiga ufukwe wa kile kisiwa, anashtuka na kuketi kitandani, sauti ya kasuku wa Silver, kiongozi wa maharamia, bado inampigia masikioni, ikitaja sarafu. Kitabu kilitoka mwaka 1883, Frederick Johnson akakitia Kiswahili mwaka 1929, na vizazi vya watoto wa Tanganyika wamekifunga pale wakiwa na furaha ya dhahabu. Mtoto husikia kasuku tu. Wewe uliyekosa usingizi kwa ajili ya Goma utamwona mtoto aliyeua mtu, na hawezi tena kulala.

Na rudi nyuma kidogo kwa mama Jim, kwa vile umempenda. Kabla hajalifungua lile sanduku alikwenda kijijini kuomba watu wamsindikize. Wote walijua maharamia wanakuja. Hakuna hata mmoja aliyekubali kurudi naye. Walimpa bastola, wakaahidi farasi wa kukimbilia, kijana mmoja akatumwa kwa daktari kutafuta msaada, basi. Mama akasema kama wanaume wote wanaogopa, yeye na mwanawe watakwenda wenyewe. Ukisoma ukurasa huo ukiwa Mafinga, na jirani yako wa magharibi mji wake umetekwa, sidhani kama utahitaji mtu wa kukuambia unahusu nini.

Kwa hiyo usiache. Na roho mbaya huna.

Lakini sitaki uniache hapa ukaenda kumwonyesha mumeo barua hii kwamba Shangazi amesema wewe ndiye mshindi. Nina maneno na wewe pia.

Kwanza nikusimulie habari ya mwanamke mmoja wa Sweden, Astrid Lindgren. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Sweden haikuingia vitani. Ilikaa pembeni, majirani zake Norway, Denmark na Finland wakiungua. Ni kama sisi raia wa Tanzania tunaotazama Kongo leo, kwa namna fulani. Astrid alipata kazi serikalini ya kukagua barua zinazokwenda na kutoka nchi za nje, kwa hiyo habari za vita zilimpitia mikononi kila siku. Nyumbani alikuwa na madaftari ya kumbukumbu, anakata habari za vita magazetini, anazibandika, anaandika chini yake kilichomuuma. Madaftari hayo aliyaendeleza toka 1939 mpaka vita ikaisha 1945. Na katika nyumba hiyo hiyo, mwaka 1941 binti yake akiugua mapafu, alianza kumsimulia hadithi za msichana mwenye nguvu za kubeba farasi, anayeishi peke yake bila wazazi na hamwogopi mtu. Hadithi hizo zilitoka kitabu mwaka 1945. Ndizo za Pippi, dunia nzima inazijua.

Nimeitaja habari hii kwa sababu ya lile daftari. Mwanamke huyu hakuchagua. Mkasi wa magazeti na hadithi ya mtoto vilikuwa meza moja. Mumeo anadhani kuna wanaojali, nao wanatazama video, na kuna wasiojali, nao wanasoma hadithi. Na wewe umeingia kwenye mtego huo huo kutoka upande wa pili: umeona kwa vile umechagua kitabu, basi habari za Goma si zako tena. Zile siku mliposhindwa kutazama pamoja, umewahi kumwuliza mumeo leo kuna habari gani? Barua yako haisemi.

Tukirudi kwa mumeo. Umemtaja yule rafiki wa Kasumbalesa kwa sentensi moja, ukapita. Mimi sikupita. Kuna mtu ambaye mama yake na dada zake wako ndani ya mji uliotekwa, na rafiki yake wa pekee mwenye bando la uhakika ni dereva wa Mafinga. Unafikiri mumeo anatafuta nini kwenye video hizo usiku kucha? Anatafuta sura. Pengine hata mwenyewe hajajiambia hivyo. Anahama Gaza, anahama Sudan, anarudi Goma, kila mara anarudi Goma. Wewe ulimwona mtu mwenye uraibu wa simu, kumbe huenda ni mtu aliyepewa kazi asiyoiweza.

Na hiyo kazi ina njia nzuri zaidi. Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana kwa sababu ya vita na kuwarudishia mawasiliano, na hawatozi fedha. Kongo ipo, na hapa kwetu ipo pia kupitia Chama cha Msalaba Mwekundu. Anayefungua maombi ni ndugu mwenyewe, kwa hiyo ni yule wakala ndiye aende ofisi yao iliyo karibu naye na majina kamili ya mama yake na dada zake, mtaa waliokuwa wakikaa, na lini walisikiana mara ya mwisho. Mumeo anaweza kumpeleka kwa semi yake safari ijayo. Hilo ni bora kuliko video mia, ambazo nyingine ni za vita vya zamani vya nchi nyingine, watu wanazirusha upya na kuandika Goma juu yake.

Habari zenyewe si lazima aziache. Taarifa ya redio ya jioni, Dira ya Dunia au DW, mara moja, mkiisikiliza wote wawili mkila. Kisha simu ilale sebuleni. Hili ukilisema wewe litasikika kama amri ya mke, kwa hiyo mwambie ni Shangazi.

Wifi yako simjibu.

Sasa nataka nikurudishe karibu na kwenu, kwa sababu tunasema "vita ya nje" kana kwamba ina mpaka wake na sisi tuna wetu. Ukitoka Mafinga kwenda Iringa unapita Ifunda. Umepita mara ngapi, na unaijua kwa shule ya ufundi. Miaka ya 1940 Ifunda ilikuwa na kambi ya Wapolandi. Kambi nyingine ilikuwa Kidugala, upande wa Njombe, na kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, Arusha. Hao hawakuja kutawala wala kuhubiri. Walikuwa wakimbizi, wengi wao akina mama na watoto. Warusi waliwatoa makwao mwaka 1940 na 1941, wakawasafirisha kwa treni mpaka Siberia na Kazakhstan. Mjerumani alipoishambulia Urusi, wakaachiwa, wakashuka mpaka Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengi walizikwa njiani. Kambi zao huku zilikuwa na shule, na watoto waliendelea kusoma kwa lugha yao, kwenye baridi ya nyanda zetu ambayo kwao, baada ya Siberia, sijui kama waliiita baridi.

Mhehe wa Ifunda wakati ule hakuwa na simu. Vita ya Ulaya aliiona kwa sura ya watoto wa Kizungu waliokonda wanaoshushwa kwenye lori. Na vijana wa Tanganyika wenyewe walikuwa Burma wakipigana. Shaaban Robert, ambaye hakwenda vitani, alikuwa karani tu serikalini, aliitungia vita hiyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, wa mwaka 1939 hata 1945. Karani wa Tanganyika aliyekaa kuandika beti juu ya majemadari wa Ulaya. Wapo bila shaka waliomwona hana kazi.

Binti yako. Hili ndilo swali gumu zaidi katika barua yako, ingawa wewe umelitupa mwishoni.

Kisiwa, msomee. Anza kesho. Darasa la sita ni umri wake hasa. Damu imo, lakini Stevenson hamwachi mtoto adhani kuua ni mchezo, na yule Silver mwenye mguu mmoja atamfundisha jambo ambalo shuleni hawamfundishi: kwamba mtu anaweza kuwa mcheshi, mkarimu, akakupenda kweli, na bado akakuuza. Msomee wewe, kwa sauti, usimpe akasome peke yake kitandani. Mkifika pale Jim anapomwangalia Hands majini, msiruke. Mwulize anaonaje. Atasema jambo ambalo wewe na mimi hatujalifikiria.

Mashimo, subiri kidogo. Au msomee, lakini ukiwa umejiandaa.

Haggard, aliyeandika Mashimo, alijua kusimulia. Akikushika hakuachii mpaka alfajiri, na ndiyo sababu nakuambia uwe macho. Ulikumbuka meno ya bandia ukasahau vita kwa sababu yeye alitaka iwe hivyo: Wazungu watatu ndio wanaobeba hadithi na vichekesho, na Waafrika wengi wanakufa kwa maelfu kama msitu unaofyekwa. Kuna usiku wa kunusa wachawi, mchawi mkongwe Gagula akirukaruka, watu zaidi ya mia wanauawa mmoja mmoja bila kosa, na wageni wetu wamekaa kwenye viti wanatazama. Kisha yupo Foulata, yule msichana anayempenda Kapteni Good, aliyemuuguza mpaka akapona. Anakufa kwenye mashimo. Na Quatermain, msimuliaji, mtu ambaye kitabu chote tunamwamini kama babu, anasema wazi kwamba kufa kwake kulikuwa afadhali, maana vinginevyo mambo yangeleta utata. Soma tena pale. Msichana ameokoa maisha ya rafiki yake, naye anapumua kwamba shida imekwisha.

Si bahati mbaya. Haggard alikuwa Natal na Transvaal akiwa kijana, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, na mwaka 1877 Waingereza walipoitwaa Transvaal alikuwa miongoni mwa waliopandisha bendera Pretoria. Kitabu kilitoka mwaka 1885. Mwaka huo huo mkutano wa Berlin ulimalizika, na Karl Peters akapata barua ya ulinzi ya Mfalme wa Ujerumani kwa ardhi za upande wetu huu. Miaka sita tu baadaye, Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na askari wake wakaingia Uhehe, na Mkwawa akawapiga Lugalo. Hapo hapakuwa na Quatermain wa kusimulia upande wetu. Mwaka 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga. Mwaka 1898 Mkwawa akajiua kuliko kukamatwa. Wakamkata kichwa, wakakipeleka Ulaya, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawa na kifungu kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi 1954.

Kwa hiyo nikiwa wewe ningefanya hivi. Mkimaliza Mashimo, au hata kabla, mchukue binti likizo mwende Kalenga. Hapo Iringa mjini ni karibu, gari zipo. Aone fuvu lenyewe, asikie habari za mfalme halisi aliyepigana vita halisi umbali wa saa chache kutoka dukani kwenu. Kisha arudi kwenye kitabu cha Haggard akiwa na swali lake mwenyewe. Mtoto wa miaka kumi na mbili akiweza kumpenda msimuliaji na kumkatalia wakati huo huo, huyo hata video za kwenye simu hazitamdanganya kirahisi.

Na mchanganyie. Sanduku la mwalimu wa zamani haliwezi kuwa na vya kutafsiriwa peke yake, chimba chini. Ninaamini utakuta Kurwa na Doto ya Farsy, au Adili na Nduguze, au Abunuwasi. Usiku wa Abunuwasi mwite na baba yake akae. Sijaona dereva wa masafa marefu asiyejua kisa cha Abunuwasi, na wengi wanavyo ambavyo havijaandikwa popote.

Kuhusu kanisani. Umesema ulishindwa kufumba macho mlipoombea Kongo. Mimi si mchungaji. Ila ukipata nafasi ya kuchanga, changa, hata kama ni bei ya mfuko wa mbegu, kwa shirika au kanisa lenye watu wake kule, ukaone risiti. Fedha hiyo haitakupa haki ya kusoma, haki unayo tayari. Itawanunulia watu unga.

Sasa kitabu. Selotepu, hapana, tafadhali. Baada ya muda gundi yake inageuka njano, inaingia kwenye karatasi, na ukiitoa inatoka na maandishi. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano na maji, uchuje, uache upoe kabisa. Kata karatasi nyembamba kama ile ya ndani ya boksi la viatu, upana wa kidole, uipake uji kidogo sana, uunganishe kurasa pale kwenye mshono. Kidogo sana nimesema, mende wanaupenda huo uji kuliko sisi. Weka plastiki safi juu na chini ya ukurasa usigandane na wenzake, funga kitabu, kigandamize usiku mzima. Doa la unyevu haliondoki, liache. Na lile sanduku litoe stoo leo. Mbolea inavuta maji hewani, na dawa za viwavi hazifai kukaa na kitabu ambacho mtoto atakifungua kurasa huku akilamba kidole. Kwa kugandamiza, uzito wowote utafaa, hata mfuko wa mbegu za mahindi, mradi usiwe wa mbolea.